Uhamisho wa Muda wa Muuguzi: Idhini ya Msimamizi Hutafutwaje, na Kwa Nini Inamhusu Mkazi

Mama anapompeleka mtoto kliniki, awe Gatitu, Muruguru au Kiganjo, na kuambiwa kwamba nesi aliyemzoea amehamishwa kwa muda, huuliza mambo mawili: amekwenda wapi, na nani amebaki hapa? Swali la pili ndilo hasa ambalo msimamizi wa kituo anapaswa kulijibu kabla ya kutia sahihi ombi la uhamisho.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa pande mbili. Upande mmoja ni wauguzi wa kaunti ambao, kwa sababu ya ugonjwa katika familia, malezi, usalama au haja ya kupata ujuzi, wanahitaji kufanya kazi mahali pengine kwa miezi michache. Upande wa pili ni wakazi wanaotegemea wauguzi hao, na ambao wana haki ya kujua jinsi uamuzi kama huo unavyofanywa.

Uhamisho wa muda ni nini?

Uhamisho wa muda ni ruhusa ya kufanya kazi katika kituo kingine kwa kipindi kinachojulikana mwanzo na mwisho, kisha kurudi. Nafasi ya muuguzi katika kituo chake cha kwanza haifutwi. Hapo ndipo unapotofautiana na uhamisho wa kudumu, ambapo kituo kipya kinakuwa ndicho kituo chake.

Kuna sura tatu. Ya kwanza ni kuhama ndani ya kaunti, kwa mfano kutoka zahanati ya Kieni Magharibi hadi kituo kilicho karibu na mji wa Nyeri. Mwajiri ni yuleyule, na uamuzi unabaki ndani ya idara ya afya. Ya pili ni kwenda kaunti nyingine, ambako lazima serikali mbili zikubaliane. Ya tatu ni muuguzi kuazimwa na taasisi nyingine, kama vile hospitali iliyo chini ya serikali ya kitaifa.

Neno kuazimwa si geni katika huduma zetu za afya. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, wauguzi wengi walikuwa wameajiriwa na serikali ya kitaifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliwahesabu kuwa wako katika utumishi wa kaunti kwa kuazimwa, wakiwa na masharti yao ya kazi kama yalivyokuwa siku hiyo. Muuguzi aliyekuwa kazini wakati huo anajua kwamba kufanya kazi mahali pamoja huku faili lake likiwa mahali pengine kunahitaji karatasi zilizo sawa.

Kabla ya kuomba uhamisho, muuguzi ajiulize kama anachohitaji ni likizo tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyejifungua likizo ya miezi 3 yenye malipo kamili, na baba wiki 2. Ipo likizo ya mwaka, na kwa haja ndefu zaidi mtu anaweza kuomba likizo bila malipo. Shida ya wiki tatu humalizwa na likizo. Uhamisho wa muda unamfaa yule anayeweza kufanya kazi, na anataka kufanya kazi, lakini si katika kituo alicho nacho sasa.

Kwa nini kuanza na msimamizi wa kituo?

Wauguzi wengine huona sahihi ya msimamizi wa kituo kuwa desturi tu, kwa vile barua ya mwisho hutoka ofisi ya juu. Hayo si mawazo sahihi. Afisa aliye makao makuu ya kaunti anaona orodha ya majina. Msimamizi ndiye anayejua kwamba katika orodha hiyo mmoja yuko likizo ya uzazi, mwingine anakaribia kustaafu, na wa tatu peke yake ndiye aliyefunzwa kushughulikia watoto wachanga. Afisa akipata ombi lisilo na maoni ya msimamizi, jambo la kwanza atakalofanya ni kulirudisha kwake.

Msimamizi ana jambo moja kubwa la kupima: huduma itaendelea? Akipewa jibu la swali hilo, mengine ni rahisi. Asipopewa, hata mwenye huruma nyingi atasita kutia sahihi, kwa sababu akikubali leo, kesho atasimama mbele ya foleni ya wagonjwa akiwa hana wa kuwahudumia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi mmoja anafanya kazi katika zahanati ya Kieni Magharibi yenye wauguzi wawili. Mama yake anaishi Gatitu, anaugua, na anahitaji kupelekwa hospitali mjini Nyeri mara tatu kwa wiki kwa mazoezi ya viungo. Muuguzi anaomba miezi minne, kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Septemba, karibu na mji.

Miezi minne yaonekana michache. Lakini mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Juni katika eneo la zahanati hiyo anapaswa kupata chanjo za kuzaliwa, kisha za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hesabu inatupeleka tarehe 13 Julai, 10 Agosti na 7 Septemba. Safari zote hizo zinaangukia ndani ya kipindi cha uhamisho. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza dawa mwezi huo wa Juni atakuwa bado katikati ya matibabu yake ya miezi 6. Akibaki muuguzi mmoja, naye akaugua au akaitwa mafunzoni, mlango wa zahanati unafungwa, na mama mwenye mtoto mgongoni atapanda matatu kwenda mbali zaidi au atarudi nyumbani bila chanjo.

Haja ya muuguzi huyo ni ya kweli, na haja ya mtoto huyo pia ni ya kweli. Kazi ya ombi zuri ni kuzishughulikia zote mbili.

Hatua za kufuata

1. Zungumza kwanza. Mwombe msimamizi muda wa kuzungumza mkiwa faraghani, si katikati ya zamu wala mbele ya wagonjwa. Mweleze haja yako, tarehe unazofikiria, na umuulize anaona ugumu gani. Lengo la mazungumzo haya ni kujua vikwazo mapema. Huenda akakwambia kwamba Juni haiwezekani lakini Julai inawezekana.

2. Tafuta wa kushika nafasi. Njia inayokubalika kwa urahisi ni kubadilishana na muuguzi mwenye ujuzi na cheo kinacholingana na chako, anayetaka kuja upande wako. Wasimamizi wa vituo vyote viwili wahusishwe tangu mwanzo. Makubaliano ya wauguzi wawili peke yao hayana nguvu mpaka idara iyaidhinishe kwa maandishi. Ikiwa hakuna wa kubadilishana naye, pendekeza njia nyingine, kama vile muuguzi wa kituo jirani kuja siku za kliniki ya watoto.

3. Andika barua. Barua huelekezwa kwa Afisa Mkuu wa idara ya afya ya kaunti, lakini hupitia kwa msimamizi wa kituo na afisa wa afya wa kaunti ndogo, ambao huandika maoni yao. Usiruke ngazi. Baki na nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ombi ni vivyo hivyo.

4. Ambatanisha ushahidi, lakini linda siri. Barua hupita mikononi mwa watu wengi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Katika barua inatosha kusema kwamba kuna mgonjwa anayehitaji uangalizi. Ripoti ya daktari itiwe katika bahasha iliyofungwa kwa ajili ya afisa wa rasilimali watu.

5. Subiri jibu la maandishi. Usiondoke kwa sababu msimamizi ameitikia kwa mdomo. Chini ya Sheria ya Ajira, kutokuwepo kazini bila ruhusa ni mojawapo ya makosa makubwa yanayoweza kumfanya mtu aachishwe kazi. Zaidi ya hayo, siku ya kwanza bila barua ni siku ambayo kituo kipya hakikutambui na cha zamani kinakuhesabu mtoro.

6. Kabidhi kazi. Panga angalau siku mbili za kukaa pamoja na anayechukua nafasi yako. Mpe rejista za kliniki ya mama na mtoto, majina ya watoto waliokosa chanjo, orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu na wengine wanaofuatiliwa, kumbukumbu za joto la friji ya chanjo, na funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa, baada ya kuzihesabu pamoja. Nyote wawili mtie sahihi.

Mfano wa barua

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Muuguzi wa mfano wetu angeweza kuandika hivi:

Kwa: Afisa Mkuu, Idara ya Afya
Kupitia kwa: Afisa wa Afya wa Kaunti Ndogo
Kupitia kwa: Muuguzi Msimamizi wa Kituo

KUH: OMBI LA UHAMISHO WA MUDA WA MIEZI MINNE

Naomba kuhamishwa kwa muda kutoka zahanati ninayofanyia kazi hadi kituo chochote kilicho karibu na mji wa Nyeri, kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Septemba. Mzazi wangu anayeishi Gatitu ni mgonjwa na anahitaji kupelekwa hospitali mara tatu kwa wiki. Mimi ndiye mtoto wake aliye karibu. Ripoti ya hospitali imeambatanishwa katika bahasha iliyofungwa.

Muuguzi mwenzangu wa cheo changu, ambaye kituo chake kiko karibu na mji, yuko tayari kubadilishana nami kwa kipindi hicho. Barua yake ya kukubali imeambatanishwa, na wasimamizi wetu wawili wana habari. Nimeambatanisha pia rasimu ya zamu za Juni na Julai inayoonyesha kwamba kila siku ya kliniki ya watoto ina muuguzi.

Nitakabidhi kazi tarehe 28 na 29 Mei, na kuripoti tena katika kituo changu tarehe 1 Oktoba. Nikihitaji muda zaidi, nitaandika kabla ya mwisho wa Agosti.

Tazama barua hiyo inasema nini: ni muda gani, kwa nini, nani atabaki, na lini mwandishi atarudi. Haina lawama juu ya kituo, wala haisimulii historia ndefu ya utumishi. Tarehe ya kurudi ina uzito wa pekee. Uhamisho wa muda usio na mwisho ulioandikwa hugeuka kuwa wa kudumu kimyakimya, na kituo cha pembeni hubaki na nafasi ambayo katika makaratasi imejazwa lakini kitini hakuna mtu.

Majibu yanayoweza kutoka

Jibu la kwanza ni ndiyo. Hakikisha barua inataja kituo, tarehe za mwanzo na mwisho, na ni nani atakayekusimamia ukiwa huko. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri amjulishe mfanyakazi kwa maandishi masharti yake yaliyoandikwa yanapobadilika.

Jibu la pili ni ndiyo yenye masharti: tarehe isogezwe, au kipindi kipunguzwe kuwa miezi miwili. Lipime kwa utulivu. Mara nyingi ni dalili kwamba msimamizi anatafuta njia.

Jibu la tatu ni hapana. Una haki ya kuuliza sababu. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 vinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu ikiwa ni upungufu wa wauguzi, rudi na pendekezo jipya linaloujibu upungufu huo. Ukiona umetendewa isivyo haki, unaweza kuandikia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Chama chako cha wafanyakazi kinaweza kukusaidia kuandaa malalamiko. Katika mambo ambayo sheria imeyataja, uamuzi wa kaunti unaweza kukatiwa rufaa mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi na ndani ya siku 90.

Njia moja haikubaliki: kumtafuta mtu mwenye jina kubwa apige simu, au kutoa chochote ili ombi lisogee. Mbali na kuvunja sheria za maadili ya maafisa wa umma, nafasi iliyopatikana hivyo huwa imechukuliwa kutoka kwa muuguzi mwingine mwenye haja kubwa zaidi ambaye hana wa kumpigia simu.

Ukienda kaunti nyingine

Leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya inatambulika nchini kote, kwa hiyo muuguzi wa Nyeri anaweza kutoa huduma Laikipia au Kirinyaga bila kusajiliwa upya. Muhimu ni kwamba leseni hiyo iwe hai kwa mwaka unaoendelea. Ajira, hata hivyo, haisafiri na leseni. Kaunti inayokuajiri lazima ikubali kukuachilia, na kaunti unayokwenda lazima ikubali kukupokea. Barua zote mbili zinahitajika, na lazima ijulikane wazi nani atalipa mshahara na nani atapeleka michango ya uzeeni.

Sheria ya Afya ya 2017 iliunda Baraza la Ushauri wa Rasilimali Watu wa Afya la Kenya. Miongoni mwa kazi zake ni kupitia sera na kuweka viwango vya pamoja kuhusu uhamisho wa wahudumu wa afya kati ya kaunti, na pia kati ya ngazi mbili za serikali. Shabaha ni kwamba muuguzi asikwame katika kaunti moja maisha yake yote, na kaunti isipoteze wauguzi bila mpango.

Kabla ya kuondoka, uliza pia kuhusu marupurupu. Posho ya nyumba na posho ya mazingira magumu hutegemea mahali unapofanyia kazi. Muuguzi anayetoka eneo lenye posho ya mazingira magumu kuja mjini anaweza kuona mshahara wake umepungua. Ni vyema kujua hilo kabla ya kuchukua mkopo au kulipa kodi ya nyumba ya pili.

Mkazi ana nafasi gani?

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu kinachowezekana. Haki hiyo haimfungi muuguzi mmoja katika zahanati moja, lakini inailazimu serikali kuhakikisha kwamba zahanati haibaki bila mtu. Muuguzi wako akiondoka kwa muda, unaweza kumuuliza msimamizi wa kituo mambo matatu: nani anashika nafasi, siku za kliniki zimebadilika au la, na huduma ya kawaida itarudi lini. Sababu za muuguzi kuondoka ni zake na familia yake, na msimamizi hapaswi kukuambia.

Ukikuta kituo kimefungwa siku ya kazi, usikate tamaa ukanyamaza. Iambie kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, au ofisi ya afya ya kaunti ndogo. Taja tarehe, saa na huduma uliyoikosa. Mhamasishaji wa afya wa kijiji chako pia anaweza kufikisha habari hizo. Taarifa yenye tarehe inamsaidia msimamizi, kwa sababu inampa hoja ya kuomba muuguzi wa ziada.

Kumbuka pia kwamba muuguzi mpya anahitaji msaada wako wiki za kwanza. Njoo na kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto hata kama nesi wa zamani alikuwa akikujua kwa jina. Mweleze dawa unazotumia na tarehe uliyoambiwa urudi.

Kabla ya kupeleka ombi, muuguzi ahakikishe ana:

- tarehe kamili za kuanza na kumaliza;
- sababu iliyoelezwa kwa sentensi mbili au tatu;
- jina la anayeshika nafasi na barua yake ya kukubali, au pendekezo lingine;
- rasimu ya zamu ya angalau mwezi mmoja;
- nakala ya leseni iliyo hai;
- ushahidi katika bahasha iliyofungwa;
- mpango wa kukabidhi kazi;
- nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa.

Mwenye maswali kuhusu hali yake aanze kwa msimamizi wa kituo chake, kisha afisa wa rasilimali watu wa idara ya afya. Mkazi mwenye swali kuhusu huduma katika zahanati yake aanze na msimamizi wa zahanati hiyo au ofisi ya afya ya kaunti ndogo yake.